The Last of Us sio mwanzo wa tamthilia za PlayStation

Watu wengi wanadhani Sony, wenye mashine ya gemu ya PlayStation, wameingia kwenye tamthilia juzi tu na The Last of Us, iliyotokana na gemu lao, wengine wanaapa kabisa ile ni shoo ya PlayStation peke yake. Sio kweli jamani. Ile ilitokea HBO, chaneli ya TV ya Marekani, Januari 2023, huhitaji hata kushika padi kuiangalia. Ya PlayStation yenyewe ilikuwa Powers, Machi 2015, mapolisi wanachunguza kesi za watu wenye nguvu za ajabu, na ukiwa na PlayStation Plus (usajili wa kulipia wa PlayStation) kule Marekani ulikuwa unaitazama bure, ila 2016 ikapigwa chini baada ya misimu miwili. Microsoft nao walikuwa na studio ya tamthilia za Xbox, mashine yao ya gemu, chini ya Nancy Tellem, aliyetoka kituo cha TV cha CBS, 2014 wakatangaza wanafunga. Mi siwashangai, nani anunue mashine nzima ya gemu kisa tamthilia?