Kufyonza Mafuta: Mrija Haufiki Kila Mahali

"Nikifyonzwa mafuta, kitambi kitaisha." Nianze na hili, maana ndilo linalowapeleka wengi kwa daktari. Lala chali, kisha bana tumbo kwa vidole viwili. Ile nyama laini inayokuja mkononi ni mafuta ya chini ya ngozi. Hayo mrija wa kufyonzea, ambao daktari huupitisha kwenye vitundu vya ngozi, unayafikia. Lakini kama umelala na tumbo bado limetuna, gumu kama ngoma, mafuta yako mengi yako nyuma ya misuli, yamezunguka utumbo. Huko mrija hauendi, na ukienda ni ajali: unaweza kutoboa utumbo. Wanaume wengi wenye vitambi wako kundi hili, na dawa yao iko kwenye sahani na miguuni.

"Nitapungua kilo kibao." Kufyonza zaidi ya lita 5 kwa mara moja huhesabiwa kuwa kwingi na huongeza hatari, na humo kuna maji aliyoyaingiza daktari mwenyewe. Mtu wa kilo 110 asitarajie maajabu kwenye mizani. Anayefaa ni yule ambaye uzito wake uko karibu na wa kawaida, ila ana nyama uzembe kiunoni zilizogoma kutoka kwa mazoezi.

"Sukari itashuka." Mwaka 2004 mtafiti Samuel Klein na wenzake, Marekani, walitoa matokeo ya wanawake 15 wanene waliofyonzwa mafuta mengi ya tumbo. Wiki 10 hadi 12 baadaye, insulini yao, homoni inayoshusha sukari, ilikuwa ikifanya kazi vilevile, na presha haikubadilika. Kiuno kilipungua, basi.

"Ni kama kwenda saluni." Hapana, ni upasuaji. Zamani watu walipoteza damu nyingi, mpaka daktari Jeffrey Klein (Klein mwingine huyo) alipoeleza mwaka 1987 njia ya kujaza kwanza sehemu itakayofyonzwa maji ya chumvi yenye ganzi na adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu. Hatari ilipungua, haikuisha. Damu inaweza kuganda mguuni ikapanda hadi mapafuni, mafuta yanaweza kuingia kwenye mishipa, ganzi inaweza kuzidi kipimo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza nani atakayesimamia ganzi au nusu kaputi, na hali ikibadilika usiku utapokelewa wapi. Daktari akijibu kwa kukuonyesha picha za wateja, aga uondoke.

"Wiki ijayo navaa gauni la harusi." Wiki ijayo utakuwa umevaa vazi la kubana, mchana na usiku. Siku za mwanzo vitundu huvuja maji mekundumekundu, kwa hiyo tandika shuka kuukuu. Uvimbe huchukua miezi kuisha. Michirizi itabaki ilivyo, na ngozi iliyokwishalegea inaweza kuning'inia zaidi.

"Yakitoka hayarudi." Seli zilizotolewa hazirudi, kweli. Zilizobaki ndizo hunenepa. Endelea na chipsi mayai za saa nne usiku bila mazoezi, na mafuta mapya yanaweza kujijaza nyuma ya misuli, kulekule mrija usikofika.