Ujira sio lazima uwe mshahara

Jana tena nimesikia, kijiweni karibu na soko la Majengo hapa Dodoma, jamaa anamwambia dogo wa deliveri "we huna mshahara, utadai nini sasa?" Dogo anapeleka chakula tangu asubuhi, Area D, Ilazo, mpaka Mtumba kwa watu wa wizarani, analipwa kwa oda, na bosi kakalia hela yake wiki ya tano sasa. Akanyamaza. Iliniuma, maana kila nikiwasikia hawa madogo wanazimwa kwa neno hilohilo.

Ujira ni malipo ya kazi. Iwe kwa siku, kwa oda au kwa gunia, umefanya kazi ya mtu mkakubaliana malipo, huo ni ujira wako.

Mshahara sasa. Hilo limetoka kwenye Kiarabu shahr, yaani mwezi, kwa hiyo kwa asili yake ni malipo ya mwezi tu. Ujira nalo ni la Kiarabu ila ukoo mwingine kabisa, ujra, na humohumo ndo zimo ajira, mwajiri na mwajiriwa. Hebu angalia, unaitwa mwajiriwa, hakuna anayekuita mshahariwa, jina lenyewe limesimama juu ya ujira! Kila mshahara ni ujira ila sio kila ujira ni mshahara, na mtu akikwambia huna mshahara anaweza akawa sahihi kabisa na bosi bado ana deni lako.

Mabosi wengine wanasema hawa ni washirika tu, sio wafanyakazi. Sawa, ila Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema utachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vingine, likiwepo hata jambo moja kati ya yaliyotajwa pale, mfano unapangiwa saa za kazi, au umepewa vifaa na huyo mtu, au umemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita. Kulipwa kwa mwezi hakumo kwenye orodha hiyo.

Na hukimbilii mahakamani moja kwa moja, unaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi inakuja baadaye kama uamuzi wa Tume una kasoro. Ila madai ya malipo yana siku 60 tangu mgogoro utokee, na ukiwa unapinga kuachishwa kazi ni 30, ndo maana lile "utadai nini" linanikera hivi, dogo ananyamaza na siku zinaenda.

Kwa hiyo kaka yangu wa kijiweni, najua hukuwa na nia mbaya. Dogo akija tena usimuulize kama ana mshahara, muulize anadai ujira wa siku ngapi na alitakiwa alipwe lini.