Hangang ipi? Mambo ambayo wageni wangu huyakosea kuhusu bustani za Seoul

Kazi yangu ni kutembeza wageni wanaotoka Afrika Mashariki hapa Seoul: waliokuja kwa mafunzo ya serikali, wafanyabiashara wanaotafuta vipuri na vipodozi, wazazi waliokuja kuona watoto wao wakihitimu. Wote hukumbuka kuuliza kuhusu mnara, maduka na chakula cha halali. Bustani hawaziulizi. Bustani, kwao, ni majani na benchi, nani hajui kuingia bustanini? Matokeo yake, asilimia kubwa ya simu ninazopigiwa na watu waliopotea, walioloa au waliopigwa na jua hutoka bustanini.

"Tukutane Hangang Park"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa hiyo nitaizungumzia mpaka niridhike.

Hakuna bustani moja inayoitwa Hangang Park. Zipo 11, zimetandazwa kingo zote mbili za mto Han, ambao kwa Kikorea ndio Hangang, kuanzia Gwangnaru upande wa mashariki mpaka Gangseo upande wa magharibi. Kati ya hizo mbili ni mwendo wa makumi ya kilomita. Mto wenyewe una upana wa karibu kilomita moja, hivyo ukikosea ukingo huwezi kusema utavuka chap chap.

Juzi kati mama mmoja aliyekuja kwenye mahafali ya binti yake alinipigia.

"Mwanangu, nimeshafika Hangang, mbona sikuoni?"

"Shikamoo mama. Upo Hangang ipi?"

"Marahaba. Hangang hii ya mto."

"Sawa mama. Mbele yako unaona nini?"

"Naona maji. Na daraja."

Madaraja yanayovuka mto huu ndani ya jiji ni zaidi ya 25. Kumbe alikuwa Ichon, ukingo wa kaskazini, na mimi nilikuwa Banpo, ng'ambo yake. Tulikuwa tunatazamana bila kuonana. Aliniambia nimpungie mkono. Nikapunga, maana ningefanyaje?

Kosa si la mgeni peke yake. Majina ya vituo yanamsaliti. Ukishuka kituo cha treni cha Ttukseom, njia ya 2, ukidhani umefika Ttukseom Hangang Park, umeachwa. Kituo hicho kiko karibu na Seoul Forest, bustani nyingine kabisa, iliyofunguliwa mwaka 2005 mahali palipokuwa na uwanja wa mbio za farasi. Ttukseom ya mtoni unashukia Jayang, njia ya 7, kituo ambacho mpaka mwaka 2024 kilikuwa na jina jingine, kwa hiyo blogu zote za zamani zitakupoteza. Na Yeouido nako kuna mbili. Yeouido Hangang Park iko mtoni, unashukia Yeouinaru, njia ya 5. Yeouido Park, bila neno Hangang, iko ndani ya kisiwa, mahali palipokuwa kiwanja cha ndege, kisha uwanja mkubwa wa lami, mpaka ilipofunguliwa kama bustani mwaka 1999. Hata sheria zake ni tofauti, kama utakavyoona nikifika kwenye bia.

Kwa hiyo ushauri wangu haujabadilika na hautabadilika: usimwambie mtu jina la bustani. Mwambie jina la kituo na namba ya mlango wa kutokea. Kila kituo cha treni hapa kina milango yenye namba, na ukitokea mlango usio wako unaweza kujikuta upande wa pili wa barabara ya njia nane. "Yeouinaru, mlango namba 2" inatosha. Na tafadhali pakua Naver Map kabla ya kupanda ndege. Inasomeka kwa Kiingereza na inajua mpaka njia za waenda kwa miguu.

Teksi nayo haikusaidii kama unavyodhani. Kingo nyingi zimetenganishwa na jiji kwa barabara kuu zinazokwenda sambamba na mto. Dereva atakushusha ukiwa unaona mto kwa macho lakini huna pa kupita. Njia ni mahandaki madogo ya waenda kwa miguu yanayopita chini ya barabara hizo. Usijaribu kuruka ukuta. Wapo waliojaribu.

"Ni bustani ya umma, iko wazi siku zote"

Hii ni ndugu wa ile ya kwanza, na ndiyo ya hatari.

Nyasi unazokalia pale mtoni zilitengenezwa kati ya mwaka 1982 na 1986, jiji lilipokuwa linaupanga upya mto kabla ya Michezo ya Asia ya 1986 na Olimpiki ya 1988. Zimewekwa chini, mbele ya tuta kuu la kuzuia maji, kwa makusudi: mto ukijaa, maji yapite juu ya nyasi yasiingie kwenye nyumba za watu. Kwa maneno mengine umetandika mkeka wako kwenye njia ya maji. Siku nyingi za mwaka hakuna shida. Lakini msimu wa mvua, jangma, ambao kwa kawaida huanza mwishoni mwa Juni na kuendelea mpaka karibu mwisho wa Julai, bwawa la Paldang lililo juu ya mto hufungulia maji, na bustani hizi hufungwa. Wakati mwingine unaona vichwa tu vya nguzo za taa.

Ukitaka kipimo, tazama daraja la Jamsu, lile la chini linalopita chini ya daraja la Banpo. Maji yakifika mita 5.5 waenda kwa miguu wanazuiwa, yakifika mita 6.2 magari nayo yanazuiwa. Ndipo mgeni anapouliza kama chemchemi ya rangi ya daraja la Banpo itawaka usiku huo. Haiwaki, ndugu yangu. Chemchemi hiyo hufanya kazi kuanzia Aprili mpaka Oktoba, na mvua ikinyesha huzimwa.

Kijito cha Cheonggyecheon katikati ya jiji ni vivyo hivyo. Wageni hudhani ni kijito cha asili kilichoponea ujenzi. Kilikuwa kimefunikwa kwa zege, juu yake ikapita barabara ya magari. Barabara ikabomolewa, kijito kikafunguliwa upya tarehe 1 Oktoba 2005. Maji yake mengi yanapampuliwa kutoka mto Han, na mengine ni maji ya ardhini yanayotolewa kwenye vituo vya treni. Pembeni, ukutani, kuna milango ya mifereji ya mvua. Mvua kubwa ikinyesha milango hiyo inafunguka na maji yanapanda kwa dakika chache. Ukiona walinzi wanafunga ngazi, panda juu. Usibaki chini ya daraja ukijificha mvua, maana hapo ndipo watu hukwama.

"Kiangazi ndiyo wakati mzuri, kila kitu ni kijani"

Kijani ndiyo, kivuli hakuna. Kwenye njia ya mafuriko miti mikubwa haipandwi ovyo, kwa kuwa hukwamisha maji. Mtu wa Dar anajua joto, lakini anajua na mwembe. Julai na Agosti hapa kuna joto na unyevu wa kama Dar, bila mwembe.

Fanyeni wanavyofanya wazee wa hapa: nendeni chini ya madaraja. Nenda Ttukseom mchana wa Agosti, chini ya daraja la Cheongdam. Utawakuta wametandika majamvi kwenye zege, viatu vimepangwa pembeni, tikiti maji limeshakatwa, na juu ya vichwa vyao treni ya njia ya 7 inapita, kwa sababu daraja lile lina ghorofa mbili: magari juu, treni chini. Upepo wa mto unapita hapo mpaka jioni. Wageni wangu hukataa kwanza, wanasema chini ya daraja ni pa wahuni. Wakikaa nusu saa hawataki kuondoka.

Kama una uhuru wa kuchagua tarehe, njoo Oktoba.

"Maua ya micheri tutayakuta tu, si ni majira ya kuchipua?"

Hamtayakuta. Seoul huchanua kwa kawaida mwanzoni mwa Aprili, na kutoka kuchanua mpaka kupukutika ni kama wiki moja hivi. Mvua moja yenye upepo inayamaliza. Msikate tiketi ya tarehe 25 Aprili halafu mkanilaumu mimi.

Bia, hema na kuku

Hapa dhana ziko mbili, na zote mbili si sahihi. Kuna wanaoamini kunywa hadharani ni kosa Korea nzima, na kuna waliotazama tamthilia wakaamini ni ruksa popote.

Kwenye bustani za mtoni watu wanakaa na kuku wa kukaanga na bia, na hakuna anayewasumbua wakitulia. Lakini tangu mwaka 2018 jiji limezitangaza bustani zake 22, zikiwemo Seoul Forest, Namsan na Yeouido Park, kuwa maeneo yasiyotaka ulevi: ukinywa ukaanza kelele na kusumbua watu, faini inafika won 100,000. Umeona kwa nini nilisisitiza Yeouido ziko mbili?

Kuku haletwi mpaka kwenye mkeka. Kuna sehemu maalumu za kupokelea chakula zenye mabango, unakwenda kumchukua mwenyewe. Kama huna simu ya Kikorea ya kuagizia, ingia duka la saa 24 lililopo hapo hapo bustanini, nunua tambi, weka chombo kwenye mashine, bonyeza, inamimina maji moto na kupika mbele yako. Ni tambi tu, lakini nimeona wakurugenzi wazima wakizipiga picha.

Hema linaruhusiwa katika maeneo yaliyotengwa tu, liwe dogo, na pande zake mbili angalau ziwe wazi. Usifunge zipu ukalala. Sheria hiyo ilikazwa mwaka 2019, na faini iliyotangazwa ni won 1,000,000. Saa za mwisho zimeandikwa kwenye bango. Kwangu mimi hema ni usumbufu, kodi mkeka.

"Lazima kuna kiingilio"

Hakuna. Watu waliozoea geti la hifadhi kule nyumbani hubaki wanatafuta dirisha la tiketi. Bustani za mtoni ni bure, Seoul Forest bure, Olympic Park kuingia bure. Children's Grand Park ni bure tangu mwaka 2006, pamoja na bustani yake ya wanyama, ile ambayo punda milia anayeitwa Sero alitoroka Machi 2023 akatembea barabarani katikati ya magari. (Mgeni kutoka Morogoro aliniambia hakusafiri mpaka Korea kuangalia punda milia. Nikamwelewa.) Vyoo pia ni bure na vina karatasi, kwa hiyo acheni kujinyima maji.

Panapolipiwa ni kwenye majumba ya kifalme, ambayo si bustani hata kama yana miti. Gyeongbokgung ni won 3,000 na hufungwa Jumanne. Changdeokgung hufungwa Jumatatu, na bustani yake ya nyuma ina tiketi ya peke yake ambayo huisha mapema.

"Haneul Park ni dampo, hatuendi"

Lilikuwa dampo. Kuanzia 1978 mpaka 1993 taka za Seoul zilimwagwa kisiwa cha Nanjido, takribani mita za ujazo milioni 92, mpaka vikawa vilima viwili vyenye urefu wa karibu mita 100. Vikafunikwa udongo, na World Cup Park, ambayo Haneul ni sehemu yake, ikafunguliwa mwaka 2002, wakati wa Kombe la Dunia. Gesi inayotoka kwenye taka zile huvunwa ikatumika kupasha joto uwanja wa mpira na nyumba za jirani. Harufu hakuna. Oktoba nyasi za eoksae juu ya kilima zinazidi kimo cha mtu. Mwisho wa ngazi pumzika, usijifanye kijana. Na usiku hufungwa, nenda mapema.

"Bukhansan ni mita 836 tu, sisi watu wa Kilimanjaro"

Karibia kila kikundi kina mtu wa kuisema hii, na nikimuuliza aliwahi kupanda Kilimanjaro, hajawahi.

Bukhansan ni mlima na hifadhi ya taifa inayoingia mpaka ndani ya jiji, unaifikia kwa treni na basi, na hilo ndilo linalowadanganya. Wanakuja na viatu vya ofisini. Sehemu ya mwisho ya kufika kilele cha Baegundae ni jabali tupu la granaiti, unapanda kwa kushika kamba za chuma zilizofungwa kwenye mwamba. Baada ya mvua jabali lile linateleza vibaya sana. Bila kiatu chenye soli ya kushika sipandi na mtu, hata awe amelipa mara mbili. Huko juu kupika ni marufuku, na pombe kileleni ni marufuku tangu 2018. Anayetaka mandhari bila jasho nitampeleka kilima cha Namsan. Basi linafika juu, na atarudi hotelini na soli zake.