Kuchagua njia ya matembezi mjini na pembezoni mwake: kilomita hazitoshi

Watu wengi wanaoniomba ushauri kuhusu njia za matembezi huanza kwa kuuliza urefu wake. Kazi yangu ni kuongoza makundi ya watembeaji, na swali hilo huwa nalijibu, ila papo hapo nami huwauliza kama wanajua njia hiyo inapanda mita ngapi. Kilomita 8 za kando ya mto tambarare ni matembezi ya asubuhi hata kwa mtu asiye na mazoea, ilhali kilomita 3 za kupanda korongo zinaweza kumchosha mwenye mazoezi ya kila siku.

Kanuni ninayoitegemea ni ile aliyoitoa mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, mwaka 1892, ambayo kwa vipimo vya leo huelezwa hivi: hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5 za umbali, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua mfano wa Platteklip Gorge, njia inayopanda Table Mountain kutoka jiji la Cape Town. Hadi juu ni takriban kilomita 3, na ndani ya umbali huo unapanda zaidi ya mita 600. Ukihesabu umbali peke yake utatenga dakika 36; ukiongeza mwinuko, muda unapita saa moja na nusu, tena kwa mtu mwenye afya njema asiyesimama kupumzika. Kundi likiwa na watu wanaotembea kwa mara ya kwanza, mimi huongeza nusu ya muda huo juu yake, na sijaona sababu ya kupunguza.

Mwinuko husomeka kwenye ramani yenye mistari ya kontua, na kujifunza kuisoma hakuchukui zaidi ya jioni moja. Kila mstari huunganisha sehemu zenye kimo kimoja. Ikiwa kati ya mstari na mstari kuna tofauti ya mita 10, basi njia inayopanda ikikata mistari 10 ndani ya kilomita moja imepanda mita 100, yaani mwinuko wa asilimia 10, ambao watu wengi huumudu kwa mwendo wa pole. Pale mistari inapobanana hadi inakaribia kugusana, tarajia genge au ngazi. Angalia pia jinsi njia inavyoikata mistari hiyo. Inayoikata moja kwa moja hupanda kwa ukali, na mvua ikinyesha maji nayo huifuata njia hiyo hiyo, yakaondoa udongo na kuacha mawe yaliyolegea. Inayokwenda kwa kupindapinda ni ndefu zaidi, lakini ndiyo ninayoichagua karibu kila mara.

Kushuka hupuuzwa kuliko jambo lingine lolote. Unaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja huuzuia mwili usiporomoke huku yenyewe ikirefuka, na kazi ya namna hiyo ndiyo huleta maumivu yanayojitokeza kesho yake na pengine kuzidi siku inayofuata. Kwa hiyo, njia ikiwa ya mzunguko yenye upande mkali na upande wa taratibu, pandia ule mkali na ushukie ule wa taratibu, hasa kama udongo ni wa mfinyanzi na umelowa.

Uzuri mkubwa wa njia zilizo karibu na mji ni kwamba nyingi zina mahali pengi pa kutokea, na hapa ndipo ningependa wanaoanza watazame kwa makini zaidi. MacLehose Trail ya Hong Kong, iliyofunguliwa mwaka 1979, ina urefu wa kilomita 100, lakini imegawanywa katika sehemu 10, hivyo mtu anaweza kutembea sehemu moja akarudi nyumbani. Kabla ya kuchagua kipande cha njia ndefu kama hiyo, hakikisha usafiri upo mwanzoni na mwishoni, na ujue basi la mwisho linaondoka saa ngapi. Asiye na uhakika na nguvu zake namshauri achukue njia ya kwenda na kurudi pale pale, kwa kuwa anaweza kugeuka wakati wowote.

Kwa wenye watoto wadogo au magoti mabovu, napendekeza reli za zamani zilizogeuzwa kuwa njia za miguu, kwa sababu treni haiwezi kupanda mwinuko mkali na reli ilijengwa kwa kuzingatia hilo. Hata hivyo, uliza jinsi ya kuingia: Promenade plantée ya Paris ni tambarare kwa sehemu kubwa, lakini kipande chake kimoja kimepita juu ya matao, na kukifikia ni lazima upande kwanza.

Kuhusu maji, nusu lita kwa saa ni mwanzo mzuri, na zaidi ya hapo jua likiwa kali na njia ikikosa kivuli. Njia za bondeni ziache kabisa ikiwa mvua inanyesha milimani, hata kama ulipo kuna jua, kwa kuwa maji hushuka haraka kuliko unavyoweza kutoka.

Mwisho, panga saa ya kugeuka kabla hujaondoka, na uwaambie wenzako. Hesabu kurudi nyuma kuanzia machweo, ukikumbuka kwamba karibu na ikweta giza huingia upesi baada ya jua kuzama, na uache angalau saa moja ya akiba. Saa hiyo ikifika kabla hujaona kilele, geuka.