Maua ya nyanya yanayodondoka mwezi wa kumi

Wakulima wengi wa bustani za Lubumbashi huamini kwamba nyanya inayodondosha maua mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, imekosa maji au mbolea, kwa hiyo huimwagilia zaidi na kuiongezea urea. Kiu huweza kweli kuangusha maua. Lakini mmea wenye majani mabichi na udongo wenye unyevu nao huyaangusha, na hapo joto ndilo la kuchunguzwa kwanza. Chavua ya nyanya, yaani unga wa manjano unaorutubisha ua, huharibika upesi kuliko majani: mchana ukizidi nyuzi 32 hivi na usiku ukabaki juu ya 21, chembe nyingi hushindwa kuota, ua halirutubishwi, na kikonyo chake hugeuka manjano kwenye kifundo kisha kukatika. Uharibifu huo huanza ua lingali tumba, wiki moja au mbili kabla ya kuchanua, ndiyo maana siku moja ya ubaridi haileti nafuu papo hapo. Urea nyingi hapa naiona ni hasara, kwani hukuza majani tu. Tundika kipimajoto kivulini, andika joto la mchana na la alfajiri, kisha asubuhi gongagonga ua juu ya karatasi nyeusi uone unga wa manjano unaanguka kiasi gani.