Ukikosoa msimbo wa mwenzako, mwambie utavunjika wapi

Hapa Kisumu napitia sana msimbo, yaani maagizo ya programu za kompyuta, wa vijana wametoka chuo juzi, na kinachonisumbua si makosa yao, ni lile jibu la "sawa". Unamwandikia "hii mbaya, badilisha", anasema sawa, anabadilisha na hajaelewa kitu, juu wewe ni mkubwa na mkubwa habishiwi. Hata kama aliyekosea ni wewe atabadilisha tu, na bagi, yaani kosa la programu, inaingia kwa sistimu ikiwa na baraka zako.

Kwa hivyo usiandike hukumu, andika kitakachotokea. Chukua malipo ya M-Pesa, mteja akishalipa seva yako inatumiwa ujumbe kwamba pesa imeingia, na kwa malipo ya aina hii lazima ujipange kwamba ujumbe uleule unaweza kufika tena. Kijana ameandika fankshoni, kipande cha msimbo, inayoongeza salio kila ujumbe ukifika. Mimi ningemwandikia hivi: "Huu ujumbe ukija mara mbili na namba ileile ya muamala, salio litaongezwa mara mbili. Kuna mahali umezuia hiyo ama tuongeze?" Hilo swali nalimaanisha kabisa, manake pengine ameshaweka sheria kwa databesi kwamba namba ya muamala isijirudie, na sasa anaweza kunijibu bila kuogopa, hanibishii mimi, anazungumzia ujumbe na salio.

Mambo ya spesi na mabano waachie Prettier ama Black, programu zinazopanga msimbo zenyewe, usimchoshe mtu nayo. Kama ni jina la variabo tu hulipendi, sema wazi si lazima abadilishe. Na akifanya kitu kizuri, taja ni kipi hasa, "kazi nzuri" peke yake haimfunzi.

Kuna wenye wanasema ukali ndio unakomaza mtu. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, na Git, programu ya kutunza mabadiliko ya msimbo, alijulikana miaka mingi kwa kuwafokea watu kwa imeili, na Septemba 2018 mwenyewe aliomba msamaha hadharani akapumzika kidogo kazini. Sioni mbona kijana wa Kondele hapa Kisumu apitie hayo ndio ajue kuandika lupu.

Lakini kama muundo wote umeenda kombo, komenti ishirini hazisaidii, zinamvunja moyo tu. Mpigie ama mkae kwa meza moja, mchore upya, halafu yeye ndiye aandike pale kwa msimbo mmeamua nini na kwa nini, ndio wengine wasiokuwa hapo wafuate.