NERICA si mbegu chotara, na si GMO. Tusikilizane leo

Hapana, NERICA, ile familia ya aina za mpunga ulioboreshwa kwa ajili ya wakulima wa Afrika, si mbegu chotara. Si GMO pia, yaani haikupachikwa kinasaba maabara. Mpunga uliovuna shambani kwako ukiupanda msimu ujao utaota, utabeba mimba, utatoa masuke, na masuke hayo yatakuwa ya NERICA ileile. Swali hili limerudi tena wiki hii, safari hii likiwa limevaa koti la ushauri wa kitaalamu: "Msihifadhi mbegu, ile ni chotara, mwaka wa pili haizai." Naandika mara moja kwa kirefu ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu na kuendelea na kazi.

Chanzo cha mkanganyiko nakijua. Mwaka 2004 Tuzo ya Chakula Duniani walipewa watu wawili kwa pamoja, wote wa mpunga: Monty Jones wa Sierra Leone na Yuan Longping wa China. Magazeti yakawaandika pamoja, na tangu hapo kazi zao zimepikwa chungu kimoja. Yuan ndiye mtu wa chotara. Mwaka 1970 kikosi chake kilipata kisiwani Hainan mpunga pori ambao chavua yake ilikuwa imekufa, wakautumia kutengeneza mmea-jike usioweza kujichavusha, na kufikia mwaka 1976 chotara wao walikuwa wakilimwa China kwa mapana. Mbegu ya namna hiyo ni uzao wa kwanza wa wazazi wawili tofauti. Nguvu yake iko kwenye uzao huo wa kwanza pekee. Ukiihifadhi na kuipanda, shamba litakuonyesha mirefu na mifupi, ya kuwahi na ya kuchelewa, kama abiria wa basi moja wasiojuana. Hapo ushauri wa kununua kila msimu ni sahihi kabisa.

Jones alifanya kitu kingine. Lakini lugha yetu nayo haijatusaidia. Kwa Kiswahili cha mtaani chotara ni yeyote mwenye wazazi wa asili mbili, na NERICA kweli ina wazazi wa asili mbili, mmoja wa Asia na mmoja wa Afrika. Kwa hiyo mtu anasema "chotara" akiwa na maana ya ukoo, anayemsikiliza anasikia "chotara" kwa maana ya duka la pembejeo, na mbegu nzuri inaishia kinuni. Kwenye ofisi za mbegu neno hili lina maana moja tu, uzao wa kwanza unaouzwa kama mbegu. Ukoo hauhusiki. Karibu kila aina ya mpunga iliyoboreshwa unayoijua, hata SARO 5, ina wazazi waliochanganywa mahali fulani. Mbona hiyo mnaihifadhi bila hofu?

Sasa ukoo wenyewe. Dunia ina spishi mbili za mpunga unaolimwa. Wa Asia, Oryza sativa, ndio karibu mpunga wote tunaoula. Wa Afrika, Oryza glaberrima, ulifugwa na wakulima wa bonde la Niger yapata miaka 3,000 iliyopita. Ule wa Afrika una tabia nzuri shambani: huondoka kwa kasi, majani yake mapana hulala na kufunika ardhi, magugu yakakosa jua. Una pia kasoro mbili ambazo mkulima hasamehi, kwani hulala ukizidiwa na uzito na punje zake hupukutika kabla ya mundu.

Jones alijiunga mwaka 1991 na kituo cha utafiti wa mpunga cha Afrika Magharibi, wakati huo kikiwa karibu na Bouaké, Ivory Coast, kuongoza uzalishaji wa aina za nchi kavu. Kazi ya kuchanganya spishi hizo mbili ikaanza. Mzazi wa Asia aliyetumika zaidi ni WAB 56-104, wa Afrika ni CG 14 kutoka Casamance, Senegal. NERICA 1 hadi 11 zote zimetoka kwa wawili hao.

Kuchavusha kwenyewe si uchawi. Alasiri unakata theluthi ya juu ya ua kwa mkasi, unatoa chavulio zote sita kwa kibano (ukibakiza moja umejidanganya), unafunika suke kwa mfuko wa karatasi. Kesho yake kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, maua ya baba yanapofunguka, unakung'uta chavua juu ya ua ulilohasi. Ua la mpunga hufunguka kwa saa moja au mbili tu, kwa hiyo hakuna cha kwenda kunywa chai kwanza.

Ugumu unaanza baada ya hapo. Uzao wa kwanza wa spishi hizi mbili huwa tasa, chavua karibu yote ikiwa imekufa. Sehemu kubwa ya ugomvi iko kwenye kromosomu ya 6, ambako kinasaba cha mpunga wa Afrika huua mbegu za uzazi zilizobeba nakala ya mwenzake wa Asia. Upande wa kike ndio hubaki na uhai kidogo. Basi unautumia mmea huo kama mama, unauletea chavua ya WAB 56-104, unapata punje chache; unazipanda, unarudia tena kwa mzazi yuleyule. Baada ya kurudi mara mbili uzazi unaanza kurejea, na damu ya Afrika kwa hesabu ya darasani inabaki moja ya nane.

Halafu inakuja hatua ambayo wanaosema "chotara" wanairuka: kuituliza aina. Mpunga hujichavusha wenyewe, kwa kawaida zaidi ya asilimia 99. Kila ukijichavusha, sehemu za vinasaba ambazo nakala zake mbili hazifanani hupungua kwa nusu. Uzao wa pili una nusu ya tofauti za ule wa kwanza, wa tatu robo, wa nne moja ya nane, na ukifika wa nane imebaki chini ya asilimia 1. Hapo mtoto ni nakala ya mzazi kwa vitendo vyote vinavyomhusu mkulima. Wenye haraka walipita njia ya mkato: wanakuza chavulio kwenye chupa maabara hadi mche uote kutoka kwenye chavua yenye kromosomu 12, kisha zinajirudufu kuwa 24, na nakala zote mbili zinafanana kwa mkupuo mmoja. NERICA saba za kwanza zilipewa jina hilo mwaka 2000, zikiwa tayari zimetulia.

Hiyo chupa ya maabara ndiyo iliyozaa uvumi wa GMO. Nitalipita haraka: hakuna kinasaba kilichokatwa na kupachikwa. Chavua ilitoka kwenye ua la mpunga ikaenda kwenye ua la mpunga. Migomba ya chupa mnaipanda kila mwaka na hakuna anayepiga kelele.

Kuna mambo ambayo sisi wenyewe tunapaswa kuyasema kwa sauti ya chini kidogo. Ile moja ya nane ya damu ya Afrika ni hesabu. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kuwa nyingi kati ya NERICA zimebaki na pungufu ya hapo, na yale majani mapana ya kulala hayakurithiwa na zote. Kwa hiyo anayekuambia NERICA "inajipalilia" anakuuzia hadithi. Palizi ya kwanza ni wiki mbili hadi tatu baada ya kuota, ya pili kabla mpunga haujabeba mimba, na ukikosa ya kwanza sahau mavuno mazuri. Vilevile masuke ya punje 400 yaliyotangazwa sana siku za mwanzo: usiyapigie hesabu ya mkopo. Na sina hakika kwamba jina moja la NERICA kwa aina nyingi namna hii lilikuwa wazo jema. NERICA 4 na NERICA 10 hazikomai siku moja, NERICA 1 inanukia na nyingine hazinukii, halafu kuna zile za mabondeni zenye herufi L, alizozizalisha Moussa Sié wa Burkina Faso na wenzake kutokana na wazazi tofauti kabisa. Mtu akiniambia "nimepanda NERICA ikakataa", sijui bado amepanda nini.

Mpunga wa nchi kavu si mpunga wa ukame. Nalirudia kwa sababu ndilo kosa linalowafanya watu waamini mbegu "imechoka". Nchi kavu maana yake huhitaji jaruba lenye maji yaliyosimama. Maji ya mvua unayahitaji, tena kwa mpangilio: milimita 15 hadi 20 kila siku tano kwa sehemu kubwa ya maisha ya mmea. Mvua ikikatika wiki mbili wakati wa mimba na kuchanua, utapata masuke meupe yaliyosimama wima bila punje ndani. Kabla ya kuilaumu mbegu, vuta suke jeupe. Likichomoka kirahisi na chini limetafunwa, huyo ni funza wa shina. Likigoma, chimba udongo sentimita 15 uone kama kuna unyevu. Ile habari kwamba NERICA hukomaa kwa siku 90 hadi 100 nayo ni ya joto la Afrika Magharibi; kwenye mwinuko wa mita 1,100 na kuendelea, kama sehemu kubwa ya Uganda, ongeza wiki mbili au tatu, kisha hesabu kama mvua zako zinafika huko. Uganda ilipoipokea NERICA kwa shangwe, utafiti mmoja ulikuta zaidi ya nusu ya wakulima wake walioilima mwaka 2004 wameiacha kufikia mwaka 2006. Mvua na umbali wa mashine ya kukoboa vilikuwa na mchango wake. Hakuna uchotara hapo.

Mbegu inayohifadhiwa huharibika, ndiyo, ila si kwa sababu ya ukoo. Inachanganyika. Mashine ya kupura imetoka kwa jirani haijapigwa brashi, magunia yamebaki na punje za Supa, turubai ni la kijiji kizima. Misimu mitatu ya uzembe huo na una shamba la rangi tatu, halafu lawama zinaangukia wazalishaji.

Fanya hivi. Tenga kipande cha mbegu mapema, usingoje mavuno ndipo uchague gunia. Kwa eka moja ya mistari unahitaji kilo 32 hivi za mbegu. Ukidondoshea punje tatu au nne kwenye mashimo, kilo 20 hadi 25 zinatosha. Sehemu ya kumi ya eka, ikitunzwa, inatoa kilo 100 bila shida. Pita kipande hicho mara tatu: wakati wa kuchipua, wakati wa kuchanua na kabla ya kuvuna. Kila mara ng'oa na shina lake mmea uliozidi urefu, uliochanua peke yake, wenye masharubu wakati wenzake hawana, au wenye ganda la rangi nyingine. Usione huruma. Acha mita mbili za ukingoni ziwe za chakula, mbegu itoke katikati. Vuna pale sehemu nane kati ya kumi za suke zinapokuwa na rangi ya majani makavu, wala usisubiri zote, kwa kuwa kwelea kwelea hawasubiri, na mpunga unaowahi kukomaa kuliko wa majirani ndio wanaoutua kwanza.

Pura kwa mkono juu ya turubai safi. Anika tabaka jembamba, geuza mara kwa mara, ondoa wakati wa jua kali la mchana. Mbegu inataka unyevu wa asilimia 12 au 13. Bila kipimo, ing'ate, na ikikatika kwa mlio bila kubonyea umekaribia. Wiki chache kabla ya kupanda hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye maji, na siku ya saba hesabu zilizoota. 80 au zaidi, panda. 60, ongeza kiasi cha mbegu. Chini ya hapo, pika wali. Ila angalia: ukipima mara tu baada ya kuvuna utapata aibu ya bure, maana punje mpya za NERICA nyingi hulala kwanza. Zipe mwezi mmoja na nusu hadi miwili kisha pima tena. Nahisi hapa ndipo uvumi wa "haioti mwaka wa pili" ulipozaliwa kwa baadhi ya vijiji, watu walipovuna na kupanda palepale.

Siku ya kupanda, zitose kwenye maji ya chumvi. Chumvi ya kutosha ni ile inayofanya yai jipya lielee. Zinazoelea toa, zilizozama suuza mara mbili kwa maji safi kabla chumvi haijaziunguza. Baada ya misimu mitatu au minne tafuta mbegu mpya iliyothibitishwa au ya kuazimiwa ubora (inayozalishwa na wakulima chini ya ukaguzi), kwa sababu ya ule uchafu wa turubai, uanze upya.

Na ukiwa dukani, soma mfuko. Ukiandikwa F1, yaani uzao wa kwanza, hiyo ndiyo chotara, na hiyo ndiyo ya kununua kila msimu. NERICA haiandikwi hivyo. Muuzaji akikuambia ni F1 pia, mwombe akuonyeshe ilipoandikwa.